IMAM GHAZALI NA ULIMI ULIOFUNGA



Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, baba mmoja alituuliza suali ambalo usiku ule hatukuwa na jawabu yake. Mwanawe wa miaka 9, aliyekuwa akisoma vizuri na akihifadhi, ulimi wake umefunga. Nyumbani husema maneno mawili matatu na mamake. Akifika chuoni hatoi hata herufi moja. Mwalimu alidhani ni ujeuri, akamtia bakora. Majirani walisema ni pepo, wakaleta hirizi. Na baba mwenyewe, kwa uchungu wake, alikuwa akimlaumu asubuhi na jioni mbele ya nduguze, na kila alipozidisha lawama mtoto alizidi kunyamaza. Alitaka tumwambie kama mwanawe ni mtoto mbaya au ni mtoto mgonjwa.

Tulipokwisha kutawanyika, mmoja wetu alikumbuka kuwa katika wanavyuoni wakubwa wa Kiislamu yuko ambaye naye ulimi wake ulifunga, wala hakuwa mtoto. Alikuwa mtu mzima wa miaka 37, amekalia kiti cha elimu kilichotukuzwa kuliko vyote katika zama zake. Basi tumeona yafaa tuwasimulie maisha yake, kwani mtu huyo huyo, baada ya kuugua, ndiye aliyeandika maneno ya busara mno juu ya moyo wa mtoto na wajibu wa wazazi.

Jina lake ni Muhammad bin Muhammad, kuniya yake Abu Hamid, nasi tumezowea kumwita Imam Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alizaliwa mwaka 450 wa Hijra, sawa na 1058 wa Miladi, katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan. Magofu ya mji huo leo yako karibu na Mashhad katika Iran. Wanatarikhi wasimulia kuwa baba yake alikuwa mtu maskini, akisokota sufi na kuiuza dukani kwake. Hakuwa na elimu, lakini akiwapenda wenye elimu. Akikaa katika vikao vyao akilia na kumuomba Mwenyezi Mungu amruzuku mwana atakayekuwa mwanachuoni.

Dua yake ilikubaliwa, illa hakuishi kuyaona matunda yake. Mauti yalipomkaribia aliwausia wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mchaji Mungu, akamwachia na akiba ndogo aliyokuwa nayo, ili wapate kufunzwa yale yaliyompita yeye. Rafiki alisimama katika amana ile hata fedha zikesha. Zilipokwisha hakuwafukuza wale mayatima, wala hakuwaficha hali ilivyo. Aliwaeleza kwa upole kuwa yote yaliyokuwa yao amekwisha kuwatumilia, na kuwa yeye ni fakiri asiye na kitu cha kuwasaidia; basi rai yake ni waingie madrasa, kwani huko wanafunzi hupewa chakula. Wakafanya hivyo. Imam mwenyewe baadaye alikiri kuwa walianza kuitafuta elimu kwa ajili ya tumbo, lakini elimu ikakataa kuwa ila kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

Tazameni hapa, ndugu wasomaji. Watoto wawili wamefiwa na baba, na mali yao imekwisha. Angaliweza mlezi wao kuwasimanga kila siku kwa chakula wanachokula. Yeye aliwaambia kweli bila ya kuwavunja, na akawaonyesha mlango wa kutokea. Mmoja akawa Imam Ghazali, na mwenziwe, Ahmad, akawa waidhi mashuhuri. Malezi hayataki mali nyingi. Yataka mtu mzima mkweli na mpole ambaye mtoto aweza kumwegemea.

Imam alianza kusoma fiqhi pale Tus, kisha akasafiri kwenda Jurjan. Katika kurejea msafara wao ulivamiwa na wanyang'anyi, wakachukua kila kitu, na katika walivyochukua ni mfuko wenye karatasi alizoziandika kwa mwalimu wake. Akamfuata mkubwa wa wanyang'anyi akimsihi amrudishie karatasi zile, maana ndiyo elimu yake yote. Yule mtu akacheka, akamuuliza ni elimu gani hiyo ambayo mwivi aweza kuichukua na mwenyewe akabaki bila ya kitu. Kisha akaamuru arudishiwe mfuko wake. Maneno yale yalimwingia. Akarudi Tus, akakaa miaka mitatu akihifadhi kila alichokiandika. Ni neno moja la kukosoa, limesemwa mara moja, na baada yake mfuko ukarudishwa mkononi. Likamtosha umri wake wote. Sisi je, watoto wetu huwakosoa mara ngapi baina ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, na baada ya kuwakosoa huwarudishia nini?

Kisha akaenda Nishapur, akasoma kwa Imamul Haramayn al-Juwayni mpaka mwalimu huyo alipofariki mwaka 478, yaani 1085. Sifa zake zikamfikia Waziri Nizam al-Mulk, aliyemkaribisha katika baraza lake la wanavyuoni, na mwaka 484, sawa na 1091, akamtuma Baghdad kufundisha katika Madrasa ya Nizamiyya. Umri wake ulikuwa kiasi cha miaka 33. Wanafunzi 300 walikuwa wakimsikiliza. Maulamaa wenye mvi walikuja kukaa mbele yake, na wakubwa wa dola walitaka fatwa zake. Kila kitu ambacho baba amuombea mwanawe alikuwa nacho: elimu, jaha, mali na watoto.

Lakini ndani ya kifua chake mambo yalikuwa mengine. Alianza kujihisabu, akaona kuwa kufundisha kwake hakukuwa safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali kulichanganyika na kutaka sifa. Leo akiazimia kuondoka Baghdad, kesho azma hiyo ikivunjika. Hali hii ilianza mwezi wa Rajab mwaka 488, yaani Julai 1095, na ikadumu karibu miezi sita. Mwisho ulimi wake ulifunga. Akijilazimisha walau siku moja afundishe ili kuziridhi nyoyo za wanafunzi wake, na ulimi usitamke hata neno moja. Huzuni ikauingia moyo, na huzuni ikaliharibu tumbo, hata ikawa hawezi kumeza funda la mchuzi wala kumeng'enya tonge moja. Nguvu zikamwishia. Matabibu waliletwa, wakakata tamaa ya dawa zao. Wakasema hili ni jambo lililoteremka moyoni na kutoka moyoni likaenea mwilini, na kuwa hakuna njia ya kulitibu mpaka moyo upumzike na dhiki iliyousibu.

Haya yote ameyaandika Imam mwenyewe katika kitabu chake cha al-Munqidh, bila ya kujionea haya. Hakuna aliyesema Imam Ghazali ni jeuri. Hakuna aliyesema ni mvivu, au imani yake ni dhaifu, au apigwe ndipo aseme. Wale matabibu wa Baghdad, zaidi ya miaka 900 iliyopita, walifahamu kuwa moyo waweza kuugua kama mguu unavyougua, na ukiugua sana huufunga ulimi. Ikiwa jambo hili laweza kumpata Imam mwenye elimu kama bahari, vipi tutaona ajabu likimpata mtoto wa miaka 9?

Alipoona kuwa hana hila, alimwelekea Mola wake, naye akamsahilishia kuiacha jaha. Akagawa mali yake, asibakishe ila kiasi cha kumtosha yeye na chakula cha watoto, akatoka Baghdad mwisho wa mwaka ule wa 1095. Alikaa Shamu karibu miaka miwili, akijifungia katika mnara wa msikiti wa Dameski. Akaenda Baitul Muqaddas, kisha Hijaz akahiji. Hatusemi kuwa kila baba mwenye dhiki aache nyumba yake aende zake. Yeye mwenyewe ametaja kuwa kilichomvuta arudi kwao ni himma yake pamoja na mwito wa watoto wake. Fikirini juu ya jambo hilo: mtu aliyeziacha heshima za Baghdad zisiweze tena kumrudisha, sauti za watoto zilimrudisha.

Katika miaka hiyo ya upweke ndipo alipotunga Ihya Ulumid Din, kitabu chenye vitabu 40 ndani yake. Katika kitabu cha 22, kinachohusu mazoezi ya nafsi, ameweka mlango wa namna ya kuwazoeza watoto katika umri wao wa mwanzo. Mengi ya mlango huo yashabihiana na aliyoyaandika kabla yake Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030, na Miskawayh alikiri kuwa sehemu yake aliipokea kutoka kwa Myunani wa kale. Imam hakuikataa hikima kwa kuwa ilipitia kwa Wayunani. Aliipima kwa mizani ya dini, akaichukua iliyo njema.

Msingi wa maneno yake ni kuwa mtoto ni amana kwa wazazi wake, na moyo wake ni johari safi isiyo na nakshi yoyote, yenye kuikubali kila nakshi itakayotiwa. Akizoezwa kheri atakua nayo, na wazazi na walimu wake watashirikiana naye katika thawabu. Akiachwa kama mnyama ataangamia, na dhambi ziko juu ya shingo ya mlezi wake.

Katika aliyoyaeleza, matatu twapenda tuyazingatie khasa.

La kwanza ni sitara. Mtoto akionyesha tabia njema, asema Imam, akirimiwe, apewe kitu cha kumfurahisha, asifiwe mbele za watu. Akikosea mara moja, yapasa mzazi ajifanye hakuona, wala asiipasue sitara yake, khasa ikiwa mtoto mwenyewe amejitahidi kulificha kosa lake. Kwani yule aficha kwa kuwa ana haya, na haya ni mbegu ya kheri. Ukimfedhehi utaing'oa mbegu hiyo, na baada yake hatajali tena kufedheheka. Akirudia mara ya pili, aonywe kwa siri, baina yake na mzazi wake.

La pili ni uchache wa lawama. Imam amekataza kumlaumu mtoto kila wakati. Maneno ya kukemea yakikithiri, masikio huyazowea, na moyo ukawa hauathiriki nayo tena. Baba anayekemea juu ya kila kijiko kilichoanguka atakuja kukemea juu ya jambo kubwa na asisikilizwe. Na kabla ya Imam tunacho kiigizo kilicho bora: Anas bin Malik, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, aliingia kumtumikia Mtume wetu (s.a.w.) hali ni kijana mdogo, akamtumikia miaka kumi, na ametueleza kuwa katika miaka yote hiyo Mtume hakumwambia hata neno la kuchukizwa, wala hakumuuliza kwa nini amefanya hili au ameacha lile.

La tatu ni mchezo. Mtoto akitoka chuoni, asema Imam, apewe ruhusa acheze mchezo mzuri, apumzike na taabu ya masomo. Kumzuia kucheza na kumchosha kwa kusoma daima huuua moyo wake, huzima akili yake na humtia uchungu maishani, hata akawa hutafuta hila za kukwepa masomo yenyewe. Basi na tujiulize. Mtoto wetu huamka alfajiri akaenda shule, akirudi akaenda chuo, akitoka chuo akakalishwa kwa masomo ya ziada, na siku za mapumziko pia hana mapumziko. Halafu twashangaa akiwa mkali, au akilia bila ya sababu, au akikojoa kitandani hali ni mkubwa, au akiumwa na tumbo kila Jumatatu asubuhi.

Uadilifu wataka tuseme pia kuwa Imam hakuikataza fimbo. Aliandika kuwa mtoto akipigwa na mwalimu na astahamili, wala asipige makelele; na hivyo ndivyo walivyokuwa wakilelewa watu wa zama zake. Lakini yule aliyeamrisha sitara, na uchache wa lawama, na mchezo, ni muhali kumfanya shahidi wa anayempiga mtoto kwa kuwa amenyamaza. Na baada yake alikuja Ibn Khaldun, ambaye katika Muqaddima yake ya mwaka 1377 aliweka mlango mzima kueleza kuwa ukali juu ya wanafunzi huwadhuru, na khasa watoto wadogo: huwaondolea uchangamfu, huwatia uvivu, na huwafunza uwongo na hila kwa kuuogopa mkono wa anayewapiga. Hapa kwetu Kenya viboko vilipigwa marufuku mashuleni tangu mwaka 2001, na Katiba ya 2010 yamlinda kila mtu na adhabu hiyo. Isiwe shule za serikali zimekuwa na huruma juu ya watoto wetu kuliko vyuo vyetu vya Qur'ani.

Tuyamalize maisha ya Imam. Mwaka 499, yaani 1106, alikubali kurudi kufundisha, mara hii Nishapur. Ulimi ulikuwa umefunguka, na nia ilikuwa nyingine. Kisha akarudi Tus, mji wa baba yake muuza sufi, akajenga madrasa jirani ya nyumba yake, akagawa wakati wake baina ya Qur'ani, wanafunzi na ibada. Yale ya Ihya aliyafupiliza kwa Kiajemi, lugha ya watu wake, ili wasiojua Kiarabu nao wafaidike. Na mwanafunzi mmoja alipomuomba nasaha, alimwandikia risala mashuhuri ambayo ndani yake amwita mwanafunzi yule kila mara kwa jina la mtoto, kama baba anavyomwita mwanawe. Alifariki mwezi wa Jumada al-Akhira mwaka 505, Desemba 1111, wala hakuacha nyuma yake ila mabinti.

Sasa turudi kwa mtoto wetu wa miaka 9. Baba yake alisikiliza maisha haya katika darsa iliyofuata, na alipofika nyumbani aliivua hirizi akaenda naye hospitali. Daktari wa maradhi ya nafsi alimweleza kuwa huu si ujeuri wala si pepo. Ni khofu, nayo yaufunga ulimi wa mtoto mahali fulani na kuufungua mahali pengine; na kila anapolazimishwa aseme, fundo huzidi kukaza. Alimuagiza asome kwanza mbele ya mtu mmoja anayemwamini, kisha wawili, polepole, na asiahidiwe fimbo wala asichekwe. Kumsomea mtoto dua na Qur'ani ni jambo jema, nasi twamsomea. Wala dua haikatazi dawa, kama vile dua haimkatazi mtu kwenda kufungwa mkono uliovunjika.

Na mwalimu aliyemtia bakora ni mmoja wetu katika darsa hii. Yeye mwenyewe ametutaka tuliandike jambo hili, bila ya jina lake, ili walimu wenziwe wazingatie. Alikwenda nyumbani kwa mtoto akamtaka radhi mbele ya wazazi wake. Mtoto hakumjibu. Lakini tangu mwezi uliopita humsomea dadake sura fupi fupi barazani baada ya Alasiri, na mwalimu hukaa upande wa pili wa mlango, kimya, bila ya kumsahihisha.

Basi enyi wazazi, na enyi walimu, mtoto akibadilika, usingizi ukamwisha, au akajitenga, au akawa mkali, au akanyamaza, msianze kwa kumuuliza kwa nini yeye ni mbaya. Anzeni kwa kuuliza ni mzigo gani uliomo moyoni mwake, na nani aliyemtwika. Wengine wao wanaumwa, na mgonjwa hupelekwa kwa tabibu. Wengine wamechoka, na aliyechoka hupumzishwa. Na baadhi yao, Mwenyezi Mungu atusamehe, tumewatwika sisi.

Twamuomba Mola atufanyie wanetu kuwa kiburudisho cha macho yetu, na atujaalie sisi tuwe kimbilio lao. Wabillahi tawfiq.